Kabla Hatujabishana, Tuulize Mita

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wajenzi wa amplifaya za nyumbani. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mafundi wenzangu, wapenzi wa muziki, na nyinyi mlioburutwa hapa na marafiki bila kuambiwa mnakuja kusikia nini: karibuni.

Humu ukumbini kuna kambi zisizopungua nne. Wapo watu wa vali, zile taa za kioo za kukuzia sauti. Wapo watu wa transista. Wapo watu wa chipu, ambao amplifaya yao nzima inaenea kwenye kiganja cha mkono. Na wapo watu wa daraja D, amplifaya ambayo transista zake huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, ambao hizo kambi nyingine tatu zikikosa la kugombania huungana kuwashambulia. Kila kambi ina hoja, kila kambi ina ushahidi wa masikio, na kila kambi ina mtu mmoja ambaye hawezi kunyamaza. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sisi tunaivuta hiyo ngozi kwa transfoma za kilo tano.

Sikuja kupatanisha mtu. Nimekuja na swali moja, nami nitalirudia mpaka mchoke nalo: tutajuaje? Mtu akikwambia kapasita hii ina sauti tamu kuliko ile, usimwite mwongo, wala usimwite mtaalamu. Muulize: tutajuaje? Ugomvi wetu mwingi unaweza kugeuzwa kuwa swali ambalo multimita, jenereta ya mawimbi ya simu, na rezista mbili tatu zinalijibu jioni hiyohiyo. Utakaobaki baada ya hapo ni wa ladha, na ladha ya mtu ni yake.

Tuanze na ugomvi mkongwe kuliko yote: vali na transista.

Mwaka 1985 huko Marekani, mhandisi Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile wachague amplifaya wanayoipenda, naye ataifanya yake ya transista isikike kama hiyo. Wakachagua ya vali, ya gharama kubwa. Mnadhani Carver alianza kwa kusikiliza? Hapana. Aliziingizia amplifaya zote mbili ishara moja, kisha akatoa matokeo ya moja kwenye matokeo ya nyingine. Zikiwa sawa kabisa zinafutana, hakibaki kitu. Kinachobaki ndiyo tofauti yenyewe, uchi, mbele ya macho. Akawa anarekebisha saketi yake huku anatazama yale mabaki yakipungua, mpaka yakashuka takriban desibeli 70 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha ukubwa wa ishara), yaani sehemu moja katika elfu tatu na ushee. Wahariri wakasikiliza, wakarudia, wakakubali kwamba hawawezi kuzitenganisha.

Basi kila kambi ikashangilia. Watu wa transista wakasema, mnaona, vali haina uchawi. Watu wa vali wakasema, mnaona, mwenyewe amelazimika kuiga vali. Mimi nasema wote waliliruka swali zuri zaidi: hivi tofauti kati ya vali na transista, inapokuwepo, inatoka wapi?

Mara nyingi inatoka kwenye kitu kisicho na mahaba yoyote: ukinzani wa kutokea wa amplifaya, yaani ukinzani wake wa ndani unaosimama kati yake na spika. Chukua amplifaya ya vali isiyo na mrejesho mwingi (mrejesho tutaufikia baadaye), yenye ukinzani wa kutokea wa ohm 2. Ifunge kwenye spika ambayo kwenye masafa fulani ina ohm 4 na kwenye masafa mengine inapanda hadi ohm 32. Spika za kawaida hufanya hivyo, ile namba iliyoandikwa mgongoni ni wastani tu wa heshima. Kwenye ohm 4, spika inapata 4 kwa 6 ya volti, yaani asilimia 67. Kwenye ohm 32 inapata 32 kwa 34, yaani asilimia 94. Tofauti hiyo ni desibeli 3. Desibeli 3 mtu yeyote anazisikia, hata aliyekuja hapa kwa kuburutwa. Sasa weka amplifaya ya transista yenye ohm 0.05: tofauti inakuwa desibeli 0.1. Hapo hasikii mtu.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kinachokuvutia kwenye vali ni huo ukinzani au ni kitu kingine, usinunue vali kwanza. Chukua rezista ya ohm 2 yenye uwezo wa wati 25, iunganishe kwa mfululizo kati ya amplifaya yako ya transista na spika, halafu usikilize. Besi italegea kidogo, baadhi ya masafa yatavimba, sauti itajaa. Ukisema "ndiyo hii niliyokuwa naitafuta," umepata jibu lako kwa rezista mbili, moja kushoto na moja kulia. Ukisema "hapana, bado si yenyewe," basi huenda unapenda ule upotoshaji wa harmoniki ya pili wa vali, yaani sauti ya ziada yenye masafa mara mbili ya ile ya asili, na hiyo ni ladha halali, jenga vali yako kwa amani.

Lakini sikilizeni, jaribio hilo na mengine yote hayana thamani kama hamjasawazisha sauti. Amplifaya inayopiga juu zaidi kwa nusu desibeli haisikiki kuwa na sauti kubwa zaidi. Inasikika kuwa nzuri zaidi: ina uwazi, ina nafasi, ina uhai. Maneno hayo yote matamu tunayoyatumia mara nyingi ni jina lingine la nusu desibeli. Na ile rezista ya ohm 2 inapunguza sauti, kwa hiyo usiposawazisha umeshaionea.

Namna ya kusawazisha ni hii. Piga wimbi la 400 Hz kutoka kwenye simu. Usitumie 1,000 Hz kama mita yako ni ya bei rahisi, kwa sababu mita hizo hupima volti za AC vizuri kwenye masafa ya chini tu, zikipanda juu zinaanza kubuni. Pima kwenye vituo vya spika, spika ikiwa imefungwa. Rekebisha mpaka upate volti 2.83, ambayo kwenye ohm 8 ni wati 1. Nenda kwenye amplifaya ya pili, rekebisha mpaka upate volti ileile, ukivumilia tofauti isiyozidi volti 0.03. Hiyo ni desibeli 0.1. Kisha mtu mwingine abadilishe, wewe usijue ipi inapiga. Fanya mara 16. Anayebahatisha tu ana nafasi ya chini ya nne katika mia ya kupata 12 au zaidi, kwa hiyo ukipata 12, tutakusikiliza. Ukipata 9, nunua soda tuzungumze habari nyingine.

Jambo hili si geni. Mwaka 1978 jarida la Wireless World la Uingereza liliripoti jaribio la aina hiyo lililotumia amplifaya tatu za kampuni ya Quad, moja ya vali na mbili za transista. Wasikilizaji, wakiwemo wazoefu, hawakufanya vizuri kuliko mtu anayerusha sarafu. Miaka karibu hamsini baadaye bado tunagombana kama vile hakuna aliyewahi kurusha hiyo sarafu.

Twende kwenye la pili: mrejesho hasi.

Tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi Harold Black alikuwa kwenye kivuko cha Lackawanna akivuka mto Hudson kwenda kazini Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu, New York. Shida yake ilikuwa simu za masafa marefu. Mazungumzo yalipita kwenye amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja ikaongeza uchafu wake mpaka mwisho wa laini hapasikiki neno. Akiwa juu ya maji likamjia wazo: chukua sehemu ya kinachotoka, kirudishe mwanzoni kikiwa kimegeuzwa, ilinganishwe na kilichoingia. Utapoteza ukuzaji, lakini uchafu nao utapungua kwa kiasi hichohicho. Akaandika hesabu zake kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo mkononi. Hataza yake ilitoka mwaka 1937. Miaka kumi! Hata wakaguzi wa hataza walikuwa hawaamini kwamba kuutupa ukuzaji wa amplifaya kunaweza kuifanya iwe bora.

Na leo wapo kati yetu ambao bado hawaamini. "Mrejesho unaua muziki." Mmeisikia hiyo? Mmeisikia. Je, ni upuuzi mtupu? Hapana, na hapa naomba kambi ya mrejesho itulie kidogo. Peter Baxandall, mmoja wa wahandisi waliokuwa na akili tulivu kuliko wote kwenye kazi hii, alionyesha miaka ya 1970 kwamba ukichukua hatua yenye kupinda ukaiwekea mrejesho kidogo tu, harmoniki ya pili inashuka lakini zinazaliwa za juu ambazo hazikuwepo: ya tatu, ya nne, ya tano. Na hizo za juu ndizo zinazokera sikio. Ukiendelea kuongeza mrejesho, hatimaye zote zinashuka. Kwa hiyo mtu aliyejaribu mrejesho wa desibeli 6 akasikia ubaya, hakuota. Alisimama mahali pabaya kuliko pote: si huku, si kule.

Ubaya wa pili wa mrejesho ni mkubwa zaidi na ndio unaounguza spika: amplifaya kuanza kupiga mawimbi yake yenyewe, kwenye masafa ya juu yasiyosikika. Hili nataka tukae nalo, kwa sababu hapa ndipo maneno ya mapambo yanapoficha kosa la ujenzi.

Chukueni chipu inayojulikana na wote, LM3886. Mtengenezaji anasema wazi kwamba inatulia ikiwa ukuzaji wake ni 10 au zaidi. Weka rezista ya kilohm 20 ya mrejesho na kilohm 1 kwenda graundi, unapata ukuzaji wa 21, salama kabisa. Anakuja mtu ambaye chanzo chake cha muziki kina nguvu, anaona ukuzaji ni mwingi, anaweka kilohm 2 kwa kilohm 1. Ukuzaji wa 3. Chipu inaanza kutetemeka kwenye masafa ya juu yasiyosikika. Yeye anasikia sauti kavu, isiyo na kina, na anatoka kutangaza kwamba LM3886 ni chipu mbaya. Mwingine anasoma kwamba "vipande vichache ndiyo sauti safi," anaondoa ile rezista ya ohm 2.7 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 zinazofuatana kutoka kwenye tokeo kwenda graundi. Anaondoa pia koili ya mikrohenri 0.7 iliyo sambamba na rezista ya ohm 10. Kisha anafunga waya wa spika mrefu wenye kapasitansi nyingi. Matokeo ni yaleyale.

Huna osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi kwenye kioo? Tutajuaje? Weka rezista ya ohm 10 kwa mfululizo kwenye kila reli ya umeme (waya wa volti chanya na ule wa volti hasi), bila muziki na bila spika, upime volti juu yake. Chipu hii kwa kawaida hunywa miliampia 50 hivi ikiwa imetulia, na haitarajiwi kuzidi 85. Ukisoma volti 0.5, uko salama. Ukisoma volti 2, hiyo ni miliampia 200, na kitu kinapiga mawimbi. Dalili nyingine ni chipu kuwa ya moto bila kazi, au usomaji kubadilika unaposogeza mkono karibu na waya. Zima. Rudisha vipande ulivyoviondoa. Weka kapasita za keramiki za mikrofaradi 0.1 milimita chache tu kutoka kwenye miguu ya umeme, si upande wa pili wa bodi. Koili hununui: zungusha waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 1 mara 10 juu ya kijiti cha milimita 9, mizunguko ikiwa imebanana, uchomoe kijiti. Umepata mikrohenri 0.7.

Chipu ikitulia ndipo mjadala wa mrejesho uanze, si kabla.

Ugomvi wa tatu ni kapasita za umeme: ngapi, na kubwa kiasi gani?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya 47 Labs ya Japani ilitoa amplifaya ndogo iitwayo Gaincard. Ndani kulikuwa na chipu, vipande vichache vya kuhesabika, na kapasita za umeme ndogo mno kuliko mazoea. Bei haikuwa ndogo. Wajenzi wa nyumbani duniani kote wakainakili, na kutokana nayo ikazaliwa familia nzima ya amplifaya za chipu. Na pamoja nayo ukazaliwa ugomvi: wengine wanasema kapasita za mikrofaradi 1,000 ndizo zenye "kasi", wengine wanasema chini ya 10,000 ni umaskini.

Haya, tupige hesabu badala ya kelele. Amplifaya inatoa wati 25 kwenye ohm 8. Kilele cha volti ni 20, kilele cha mkondo ni ampia 2.5, na kila reli inabeba wastani wa ampia 0.8. Kwenye umeme wa 50 Hz, kapasita inajazwa kila baada ya milisekunde 10. Kwa mikrofaradi 10,000, reli inashuka volti 0.8 kati ya kujazwa na kujazwa. Kwa mikrofaradi 1,000 inashuka volti 8. Nane! Reli yako ya volti 28 inakuwa inachezea kati ya 28 na 20. Chipu inahitaji volti mbili hivi za kupumulia, kwa hiyo ule mlima wa volti 20 unakatwa kichwa kila reli inapokuwa chini.

Sasa nani yuko sahihi? Kwa sauti ya chini, chipu hizi hukataa vizuri sana uchafu wa reli, kwa hiyo zile volti za kuyumba hazifiki kwenye spika na yule wa mikrofaradi 1,000 hasikii mvumo wowote. Amesema kweli. Kwa sauti ya juu, anapoteza nguvu kwenye besi na inaanza kukwaruza mapema. Mpinzani wake naye amesema kweli. Wanabishana kuhusu swichi ya sauti iko wapi! Kama unasikiliza kwa wati 1, mikrofaradi 2,200 kwa kila reli zinakutosha. Kama unapiga sherehe, weka 10,000.

Lakini usikimbilie 50,000 pia. Kapasita kubwa zikiwa tupu ni kama shoti kwa dayodi wakati wa kuwasha, fyuzi inaruka. Na zikijaa, zinajazwa kwa mipigo mifupi na mikali zaidi, ambayo ndiyo chanzo cha jambo ninalotaka kulisema kwa kirefu kuliko yote.

Mvumo, ndugu zangu. Mtu anatumia wiki nzima kuchagua rezista za filamu, na amplifaya yake inavuma kama nyuki kwenye chupa. Kisha anagombania rezista.

Mkondo kutoka kwenye briji ya dayodi kwenda kwenye kapasita hauendi taratibu. Unakwenda kwa mipigo ambayo kilele chake ni mara nyingi ya wastani, ampia 10 si ajabu. Waya mfupi kati ya briji na kapasita una ukinzani wa milliohm 5 tu, tuseme. Zidisha: milivolti 50. Ukifunga graundi ya ishara yako upande wa briji wa waya huo, hizo milivolti 50 zinaingia kwenye muziki. Kwa ishara ya volti 1, hiyo ni desibeli 26 tu chini. Ni ngurumo, si mvumo! Dawa yake haina gharama: nukta ya nyota, pale graundi zote zinapokutana, iwekwe baada ya kapasita, ikiwa imetoka kwa waya mmoja kutoka kwenye kiungo cha katikati cha kapasita. Transfoma na briji zifike kwenye kapasita kwanza. Kisha kwenye nyota fungeni graundi ya spika, graundi ya umeme ya kila chaneli, na graundi ya ishara, kila moja kwa waya wake.

Wapo wanaotetea bodi yenye shaba tambarare upande mmoja badala ya nyota. Inafanya kazi vizuri, mradi ile mipigo ya kujaza kapasita isipite juu ya shaba hiyo. Mnaona? Kambi mbili, sheria moja: mkondo mchafu usitembee njia ya ishara.

Mvumo ukiwepo, tafuteni hivi. Fungeni ingizo kwa shoti, kati ya pini na ganda la soketi. Mvumo ukiisha, tatizo liko nje, kwenye nyaya au kwenye kifaa kingine. Ukibaki, liko ndani. Kisha sikilizeni aina yake. Mvumo laini na mzito wa 50 Hz, kwa kawaida ni uga wa sumaku wa transfoma unaoingia kwenye nyaya za ingizo. Mvumo mkali wenye miiba, wa 100 Hz, ni ile mipigo ya kapasita na graundi iliyowekwa pabaya. Penye umeme wa 60 Hz soma 60 na 120. Kwa transfoma ya duara, kabla hamjaikaza, izungusheni taratibu huku inawaka na sikio liko kwenye spika. Kuna pembe ambayo mvumo unazama. Wekeni alama hapo. Na tafadhali, boliti ya katikati ya transfoma hiyo isiguse chuma cha boksi juu na chini kwa pamoja. Ikigusa pande zote mbili, boksi linakuwa mzunguko mmoja uliofungwa, na transfoma inaunguza fyuzi au inajiunguza yenyewe. Kifuniko kinapobanwa ndipo fyuzi inaruka, na fundi anabaki anashangaa maana "kikiwa wazi ilifanya kazi".

Ugomvi wa daraja A na daraja AB nitaupitia haraka zaidi, ingawa unapendwa. Kwenye daraja A transista za kutokea hupitisha mkondo muda wote, kwenye AB hupokezana sauti ikipanda.

Aprili 1969 John Linsley Hood alichapisha kwenye Wireless World amplifaya ya wati 10 ya daraja A, transista nne kwa chaneli. Imejengwa na watu wasiohesabika na bado inajengwa. Kwa ohm 8 inahitaji volti 27 na ampia 1.2 muda wote, muziki uwepo usiwepo. Hiyo ni wati 32 za joto kwa chaneli. Ukitaka hitisinki, lile bamba la kupoozea, isizidi nyuzi 30 juu ya joto la chumba, inabidi iwe ya nyuzi 0.9 kwa wati, kwa kila chaneli. Anayeijenga kwenye kipande cha alumini alichokiokota anajenga jiko.

Je, inasikika vizuri kuliko AB? Wengi wanaoilinganisha wanailinganisha na AB iliyowekewa bayasi vibaya, yaani ule mkondo unaopita kwenye transista hata muziki usipokuwepo. Kwa transista zenye rezista za imita za ohm 0.22, lengeni milivolti 20 hadi 26 juu ya kila rezista, karibu miliampia 100. Anzeni na rezista ya kurekebisha ikiwa kwenye bayasi ndogo kabisa. Washeni kupitia balbu ya uzi ya wati 60 hadi 100 iliyofungwa kwa mfululizo na umeme. Si balbu ya LED. Ikiwaka na kufifia, sawa. Ikibaki inang'aa, zimeni, kuna shoti. Kila kitu kikiwa sawa toeni balbu, pandisheni bayasi polepole, subirini dakika 20, pimeni tena. Volti kati ya miguu ya transista iitwayo besi na imita hushuka takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi ya joto, ndiyo maana ile transista ndogo ya bayasi inatakiwa ikae juu ya hitisinki pamoja na zile kubwa. Ikining'inia hewani, zile kubwa zinapata joto, mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, na moshi unafuata.

Na tazameni hesabu hii ndogo. Kwa bayasi ya miliampia 118, amplifaya ya AB inabaki daraja A mpaka kilele cha miliampia 236, ambayo kwenye ohm 8 ni wati 0.22. Kwenye spika inayotoa desibeli 86 kwa wati 1, hiyo ni karibu desibeli 80 ukiwa mita moja. Usiku watoto wakiwa wamelala, mwenye AB anasikiliza daraja A na hajui.

Kapasita za kupitishia ishara na opampu, zile chipu ndogo za kukuzia ishara? Dakika mbili tu. Kapasita ya mikrofaradi 2.2 na ingizo la kilohm 22 zinakata kwenye 3.3 Hz. Mtu anaitoa, anaweka ya filamu ya gharama yenye mikrofaradi 0.1 kwa sababu ndiyo aliyoimudu, na sasa inakata kwenye 72 Hz. Anasema sauti imekuwa "safi na nyepesi". Ni kweli, nusu ya gitaa la besi haipo. Linganisheni kapasita zenye thamani sawa au msilinganishe. Na opampu ya kasi ikichomekwa kwenye soketi ya ile ya zamani bila kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya miguu yake ya umeme, mara nyingi inatetemeka. Ishikeni kwa kidole, ikiwa ya moto msijadili sauti yake.

La mwisho, na hapa silirudii lile swali langu, kwa sababu hapa hatujaribu. Nasikia minong'ono: "Chomoa waya wa arthi, mvumo unaisha." Unaisha, ndiyo. Siku waya wa laini utakapochubuka na kugusa boksi, fyuzi haitaruka, na boksi litamsubiri mtu wa kulishika. Arthi ya umeme inafungwa kwenye chuma cha boksi, kwa boliti yake peke yake, haishiriki na kitu kingine. Ukitaka kuvunja mzunguko wa graundi, weka kati ya nyota na boksi rezista ya ohm 10, sambamba na kapasita ya mikrofaradi 0.1, sambamba na briji ya ampia 35 ambayo miguu yake miwili ya AC ndiyo viunganishi, na chanya na hasi zimeunganishwa pamoja. Mvumo mdogo unazuiwa na rezista. Mkondo wa hatari unapita kwenye dayodi na kurusha fyuzi.

Na zile kapasita: mikrofaradi 10,000 kwenye volti 35 zinabaki na chaji baada ya kuzima. Wekeni rezista ya kilohm 2.2 ya wati 2 sambamba na kila moja. Subirini dakika mbili, kisha pimeni kabla ya kuingiza kidole. Ikisoma chini ya volti 1, endeleeni.

Sasa ni zamu yenu. Mwenye swali anyooshe mkono, na mwenye mvumo alete amplifaya yake hapa mezani, kifuniko kikiwa wazi na plagi ikiwa imechomolewa.